Kabla ya kununua urea ya kuachia polepole kwa ng'ombe wako

Mahindi yakishavunwa Ismani na mpunga ukishapurwa Usangu, ng'ombe wengi hubaki na mabua na majani makavu hadi mvua zirudi. Chakula hicho mara nyingi kina protini chini ya asilimia 7, na hapo bakteria wa rumeni, lile tumbo kubwa la mnyama anayecheua, hukosa naitrojeni ya kuzaliana. Mabua hayameng'enywi vizuri, na ng'ombe hukonda huku tumbo limejaa. Urea, yenye naitrojeni nyingi, inafaa hapo.

Kwa hiyo anza kwa kukagua hori. Mfugaji wa Tukuyu mwenye majani mabichi ya tembo (matete) sidhani kama ana haja ya kutoa hela yake. Kwa mwenye mabua, swali la pili ni nguvu, yaani wanga kwenye chakula. Gramu 100 za urea zina naitrojeni inayokaribia ile ya kilo moja ya mashudu ya alizeti, lakini hazina wanga wowote, na bila wanga bakteria hawaigeuzi kuwa protini. Weka kwanza akiba ya pumba za mahindi au molasi, na madini yenye salfa. Usipofanya hivyo, amonia inayotokana na urea huingia kwenye damu, ini huhangaika nayo, na fedha yako huishia kwenye mkojo.

Urea ya kawaida huyeyuka mara moja tumboni. Iliyofunikwa utando huachia kwa saa kadhaa, ikiendana na mabua ambayo nayo humeng'enywa taratibu. Utando huo ukisagwa kinuni au kwenye mashine, faida yote imekwenda, na hatari imerudi. Soma lebo: iwe imeandikwa kuwa ni ya mifugo wanaocheua. Ipo pia mbolea ya shambani yenye utando, hiyo ni ya mahindi. Mbolea za CAN na NPK usizikaribishe bandani kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye nyumba nyingi magunia yote hukaa stoo moja.

Tafuta mizani, kiganja si kipimo cha kitu kinachoweza kuua. Urea yote kwa siku isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu. Ng'ombe anayekula kilo 10 ukomo wake ni gramu 100, pamoja na iliyomo kwenye jiwe la kulamba. Anza na theluthi, panda kidogo kidogo kwa wiki tatu, na ukikatiza siku kadhaa anza upya. Ichanganye sawasawa kwenye pumba, ugawe kwa milo, wala usiitie kwenye maji ya kunywa. Soya mbichi isiwemo, maana ina kimeng'enya kinachoivunja urea haraka. Ndama wachanga, nguruwe na punda wasipewe, na ng'ombe aliyeshinda na njaa ashibe majani kwanza.

Kabla ya siku ya kwanza, siki iwe ndani na namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu. Ng'ombe akitetemeka, akitokwa mate, tumbo likijaa gesi na akihema kwa shida muda mfupi baada ya kula, ondoa chakula na mpigie daktari palepale. Ng'ombe mkubwa huhitaji lita 2 hadi 6 za siki pamoja na maji baridi mengi, kwa mpira wa kufikisha tumboni, ili visiingie mapafuni.