Ulishalipa Advansi, Sasa Unaomba Nini?

Mwaka 2016 nilitoa advansi ya shilingi 600,000, ndipo nikaenda kwenye jumuiya kuomba maombi. "Wapendwa, niombeeni. Nataka kujua kama ni mapenzi ya Mungu ninunue shamba la parachichi." Sikuwaambia kwamba nusu ya bei ilishaingia mfukoni mwa muuzaji. Tukaomba kwa machozi, nikarudi nyumbani na amani tele, nikamalizia deni. Miezi minne baadaye wakatokea ndugu wawili wa muuzaji. Shamba lilikuwa la urithi, na wao hawakukubali liuzwe. Fedha nilirudishiwa kwa mafungu, na fungu la mwisho mpaka leo nalisikia tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, Mlutheri. Si mchungaji wala nabii. Nayaandika haya kwa sababu vijana wa usharika wetu hunijia wakiwa na swali kubwa la maisha, na wengi wao wanakuja kama nilivyokwenda mimi, tiketi ikiwa mkononi.

Soma Yeremia 42. Yerusalemu imeshaanguka, waliobaki wanamwendea Yeremia awaulizie kwa Mungu waende wapi, na wanaapa kwamba jibu likiwa jema au baya watatii. Jibu likachukua siku kumi. Lilipokuja likisema wabaki, wasiende Misri, wakamwambia nabii kwamba anasema uongo. Lakini rudi sura ya 41 uone walikuwa wapi walipouliza: walishapiga kambi karibu na Bethlehemu, njiani kwenda Misri! Nilipousoma mstari ule baada ya mkasa wa shamba, niliifunga Biblia nikatoka nje kupigwa upepo.

Kwa hiyo siku hizi naanza na kaunta buku. Naandika swali kwa sentensi moja, tena la jambo la kutendeka. "Bwana, nifanye nini na maisha yangu" hilo siliulizi tena, maana hata mimi sijui jibu lake lingefananaje. Mwaka 2019 niliandika: "Je, niache ualimu Desemba hii nikalime?" Chini yake nikaandika ninachokitaka: "Nataka kuacha. Nimechoka." Yesu mwenyewe kule Gethsemane alisema kwanza anachotamani, kikombe kimwepuke, ndipo akasema si kama nitakavyo mimi. Ukianza na "mapenzi yako yatimizwe" huku tamaa umeificha chini ya mkeka, itakunong'oneza siku zote za maombi nawe utadhani ni Roho.

Kisha ondoa yaliyokwisha kujibiwa. Mwenzangu mmoja aliniomba tufunge pamoja ajue kama achukue mkopo. Nikamuuliza ataandika sababu gani kwenye fomu. "Ukarabati wa nyumba." Na fedha inakwenda wapi? "Kununua bodaboda." Mume anajua? Hajui. Nikamwambia ale chakula chake kwa amani, hilo la kudanganya halihitaji kufunga.

Kuhusu kufunga, mimi nafunga mpaka saa kumi jioni. Zamani nilifunga siku za kazi, hadi nilipogundua kwamba darasa la tatu ndio wanaolipia maombi yangu kwa makelele ninayowapigia. Sasa nafunga Jumamosi. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au anayetumia dawa asijitese. Afunge simu, azime WhatsApp kutwa nzima, aone kama si mfungo.

Biblia usiifungue kwa kufumba macho na kuweka kidole. Nimeifanya hiyo, kidole kikatua kwenye orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati. Chagua kitabu kimoja ukisome chote kwa siku zako za kuomba, mistari ikuzoee.

Halafu hesabu. Luka 14:28 inasema mtu akitaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, na nadhani hii ndiyo hatua wapendwa wengi huiona ya kidunia. Niliketi na mume wangu usiku, kalamu mkononi. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miche ya parachichi kama 80. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, niliuulizia nikaambiwa shilingi 5,000, kwa hiyo 400,000 kabla ya mashimo, samadi na maji ya kiangazi. Mavuno ya kueleweka uyasubiri kuanzia mwaka wa tatu. Ada za watoto wawili kwa miaka hiyo mitatu zingetoka wapi? Tulitazamana. Hakuna sauti iliyosikika chumbani, ila ile sentensi ya "nataka kuacha" ilianza kuonekana ndogo.

Washauri nawachagua watatu: atakayeumia pamoja nami nikikosea, aliyewahi kulifanya jambo hilo likamshinda, na mcha Mungu asiye na faida yoyote humo. Wa tatu wangu alikuwa bibi mmoja wa jumuiya yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, ukikatazwa, utanuna?" Ukileta suala la ardhi ongeza wa nne, ofisi ya kijiji. Mwaka 2016 ningeuliza pale kwanza, ningejua siku ileile.

Amani moyoni naipokea lakini siitegemei peke yake. Yona alilala fofofo ndani ya merikebu huku akimkimbia Mungu. Ishara nazo, watu hupenda ile ngozi ya kondoo ambayo Gideoni aliomba iloe umande, ila soma vizuri Waamuzi 6: anasema "kama ulivyosema". Alikuwa ameshaambiwa. Na mtu akikuletea neno la unabii, liandike kwenye daftari, lipime, usililipie hata senti.

Mwisho weka tarehe. Mimi niliandika Novemba 30. Siku hiyo tukaamua nibaki kazini, tupande miche 40 kwenye nusu ekari ya baba mkwe, baada ya kuketi na ndugu zake wote. Kiangazi cha kwanza ikakauka tisa. Nikataka kulifungua swali upya, mume wangu akanikumbusha Matendo 16: Paulo aliitwa Makedonia kwa maono, na huko Filipi akachapwa bakora akatiwa gerezani. Tukapanda mingine tisa.

Wiki hii kaunta buku ina sentensi mpya. Binti yetu amemaliza kidato cha nne na anataka chuo cha ufundi, akasomee umeme wa magari, badala ya kidato cha tano. Chini yake nimeandika ninachokitaka mimi, mama yake, kwa herufi ndogo. Yeye ameomba aandike la kwake ukurasa unaofuata, nami nimeahidi kutousoma mpaka Jumamosi.