Somo: Kuweka oili ya injini ya lori hadi kiwango sahihi baada ya kubadilisha

Wakuu, swali hili limejirudia mno: "Nimemwaga oili, nimeweka lita zilizoandikwa kitabuni, asubuhi stiki (kile chuma chembamba cha kupimia oili) inaonyesha imezidi." Au imepungua. Naandika mara moja kwa ukamilifu ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Naongelea injini kubwa za dizeli, zinazobeba oili lita 25 hadi 40. Kwenye gari ndogo nyingi, kutoka alama ya chini ya stiki hadi ya juu ni kama lita 1. Kwenye lori pengo hilo linaweza kuwa lita 4, 6, hata zaidi. Kwa hiyo "imezidi kidogo tu" ya lori si jambo dogo.

1. Pasha injini kidogo kisha izime. Oili yenye joto hutoka haraka na hubeba uchafu wake.

2. Simamisha lori mahali tambarare kweli, usikadirie kwa macho. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya injini kubwa inaweza kufika urefu wa mita 1. Mteremko wa digrii 1 tu unaleta tofauti ya takriban milimita 17 kati ya ncha mbili za sampu hiyo, na stiki nyingi hazichovyi katikati. Lori la springi za upepo lijazwe upepo hadi kimo chake cha kutembelea, kwa sababu likilala upande mmoja, stiki itakudanganya hata kama sakafu imenyooka.

3. Fungua bolti ya sampu, acha oili itone mpaka ikome. Weka washa mpya ya shaba (pete ya kuzibia) kwenye bolti kabla ya kufunga.

4. Badilisha filta. Hakikisha gasketi ya filta ya zamani haikubaki imeng'ang'ania pale filta inapofungwa. Gasketi mbili zikikaa pamoja, oili yote inaweza kumwagika barabarani.

5. Mimina oili pungufu. Kitabu kikisema lita 36, weka 33 kwanza. Na soma vizuri: vitabu vingi vina namba zaidi ya moja. Kuna ujazo wa injini iliyo kavu kabisa, kuna ujazo wa sampu peke yake, na kuna ujazo wa kubadilisha oili pamoja na filta. Unayoitaka ni hiyo ya mwisho. Anayechukua namba ya injini kavu lazima azidishe, maana hata umwage kwa subira namna gani, kuna oili inabaki kwenye njia za ndani.

6. Washa injini bila kukanyaga resi hadi taa ya oili izime au geji ipande. Turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) bado haijapata oili, na shafti yake huzunguka kwa kasi kubwa sana. Iache ingurume dakika 2 au 3, chungulia chini kama kuna mvujo, kisha zima.

7. Sasa subiri. Hatua hii ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi, kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza: mtu anamimina, anapima kabla ya kuwasha, stiki inasoma imejaa, anafunga boneti na kuondoka. Filta bado ni tupu. Filta moja kubwa humeza lita 2 hivi au zaidi, na malori mengine yana filta mbili. Akiwasha tu, oili inahamia kwenye filta na kiwango kinashuka. Hajui, kwa sababu alishapima.

Njia ya pili ndiyo inayoua injini nyingi zaidi kwa jinsi ninavyoona: mtu anawasha, anazima, na papo hapo anachomoa stiki. Oili nyingi bado iko juu, kwenye vali, kwenye kuta, inateremka polepole. Stiki inasoma chini. Anaongeza lita 3. Asubuhi oili yote imeshateremka na iko juu ya alama.

Subiri angalau dakika 15, na zaidi ikiwa oili ni baridi au nzito. Kama kitabu cha injini yako kinataja muda mwingine, fuata kitabu. Chomoa stiki, ifute kavu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka ikae kabisa, chomoa tena. Soma pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja una mstari uliochafuka juu kwa sababu stiki imegusa ukuta wa bomba lake, kwa hiyo amini upande unaosoma chini. Oili mpya ni angavu kama chai ya rangi iliyopauka na haionekani vizuri kwenye chuma: ilaze stiki dhidi ya mwanga, utaona pale mng'ao unapokatika.

Onyo la kuzidisha: krankshafti (shafti kuu inayozunguka juu ya sampu) ikianza kupiga oili, oili inageuka povu. Pampu inavuta povu, yaani inavuta hewa, na sindano ya presha inatetemeka. Beringi zinabaki bila utando wa kuzitenganisha na chuma. Nyingine inatoka kwa bomba la kupumulia injini. Ikiingia kwa wingi upande wa hewa, injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kupanda kasi bila kukusikiliza, hata ukizima ufunguo. Ukiona mapovu membamba kwenye stiki, usiwashe tena.

Onyo la kupunguza: kwenye mlima au kona oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Taa ikiwaka kwenye kona, simama na uzime.

8. Ongeza lita moja moja, ukisubiri kila mara. Lenga chini kidogo ya alama ya juu, usilenge juu yake. Oili hutanuka kwa joto: lita 36 zikipanda nyuzijoto 60 zinaongezeka karibu lita 1 na nusu. Stiki nyingine zina upande wa injini baridi na upande wa injini moto. Usizichanganye.

9. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pima tena. Andika lita ulizoweka jumla.

MASWALI

Swali: Mkuu, lori langu linachukua lita ngapi?

Jibu: Hujataja injini. Lori la jina moja linaweza kufungwa injini tofauti na sampu tofauti. Soma kibati cha injini, tafuta kitabu chake, kisha rudi hatua ya 5.

Swali: Nimezidisha kama lita 4. Fundi kasema nitembee tu, itajipunguza yenyewe.

Jibu: Hapana. Hiyo "kujipunguza" ni oili kupita kwenye bomba la kupumulia au kwenye sili. Itoe leo. Ingiza bomba jembamba kwenye njia ya stiki uvute kwa pampu, au legeza bolti ya sampu uachie kidogo kwenye chombo safi chenye vipimo. Kisha subiri na upime. Usitembeze lori kwanza.

Swali: Mbona mimi miaka yote napima dakika hiyo hiyo nikizima, na injini haijawahi kunoki?

Jibu: Nimeeleza sababu kwenye hatua ya 7. Kama injini yako imevumilia, ni vizuri, lakini usimfundishe mwenzako hivyo. Jaribu leo: pima mara ukizima, pima tena baada ya nusu saa, uniletee tofauti.

Swali: Samahani mwalimu, mimi najifunza gereji. Tuna lori ambalo oili inapanda yenyewe. Tuliiweka sawa, baada ya wiki chache iko juu ya alama na hakuna aliyeongeza. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, na umefanya vizuri kuliona. Oili haizaani, kuna kitu kinaingia. Anza na dizeli: injekta inayovuja au sili ya pampu ya dizeli. Malori yenye chujio la masizi kwenye ekzosi huongeza dizeli kwenye silinda ili kulichoma lile masizi, na likisafishwa mara kwa mara kwenye safari fupi, dizeli nyingine huteremka kwenye sampu. Nusa stiki, sugua tone kati ya vidole: oili yenye dizeli huwa nyepesi na inateleza kama maji. Weka tone kwenye karatasi nyeupe liache lisambae. Ukiona duara jepesi linaenda mbali kuzunguka kiini cheusi, shuku dizeli. Kitu cha pili ni maji ya rejeta: oili inakuwa kama maziwa, na tenki la maji linapungua. Kwa vyote viwili, usimwage tu ile iliyozidi ukaendelea. Oili iliyochanganyika imeshapoteza nguvu. Tafuta chanzo, kisha badilisha yote. Rudi utueleze mlichokuta.

Swali: Je, nijaze filta oili kabla ya kuifunga?

Jibu: Fuata kitabu cha injini. Watengenezaji wengi wanakataza, kwa sababu oili ukiimimina kwenye tundu la kati inaingia upande uliokwisha kuchujwa, na uchafu wowote wa kwenye dumu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Kikiruhusu, mimina kwenye matundu madogo ya pembeni tu.

Swali: Stiki ya zamani ilikatika, tumenunua nyingine inayofanana. Tunajuaje kama inasoma kweli?

Jibu: Swali zuri sana. Usiiamini kwa sura. Subiri siku ya kubadilisha oili. Kitabu kikitoa lita za sampu za alama ya chini na za alama ya juu, weka za chini pamoja na za filta, washa, zima, subiri, pima. Oili ilipofika ndiyo alama yako ya chini: ikwaruze kwa tupa nyembamba, ufute unga wa chuma wote. Ongeza tofauti ya lita, rudia, weka alama ya juu. Hakikisha pia bomba la stiki limekaa hadi mwisho, maana likiinuka, alama zote zinahama.

Swali: Oili chafu niipime ya nini? Si naimwaga tu?

Jibu: Usiimwage ardhini, iweke kwenye madumu yenye alama za lita. Kama uliweka 35 na zimetoka 29 pamoja na za filta, bila wewe kuongeza njiani, injini inakula oili au inavuja, na umejua kabla moshi wa bluu haujaonekana. Ndiyo maana hatua ya 9 nimesema uandike.

Swali: Naandika wapi? Daftari hupotea.

Jibu: Kwenye filta yenyewe, kwa kalamu ya rangi: tarehe, kilomita, lita. Ifute mafuta kwanza ili wino ushike.