Jinsi ya kupanga bajeti ya kuhifadhi chui milia pamoja na kipato cha wanakijiji

Mwongozo huu ni wa anayeandaa andiko la mradi wa chui milia. Natumia mfano wa Nepal, ambako idadi yao ilipanda kutoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022, na ambako sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi vijijini kwa mujibu wa sheria.

Hatua ya 1: Anza na hasara ya kaya

Kabla ya kuandika kamera au mafuta ya gari la doria, kaa na wanakijiji mhesabu wanachopoteza: mbuzi na ng'ombe waliouawa, kuni wasizoruhusiwa kukata, kazi zinazolala kwa hofu ya kuingia msituni. Wanawake wawe na kikao chao. Pembezoni mwa Chitwan na Bardia, hifadhi mbili za taifa za Nepal zenye chui milia, wao ndio wanaoingia sana msituni kukata majani ya mifugo na kuokota kuni, kwa hiyo hatari wanaijua kwa karibu. Ukiwasikiliza wanaume tu, utaondoka na orodha ya mifugo basi.

Hatua ya 2: Tafuta zaidi ya chanzo kimoja

Nepal hurudisha asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kwa jamii za maeneo ya kinga, yaani vijiji na misitu inayozunguka hifadhi. Ni utaratibu mzuri, lakini mapato hayo hutegemea sana watalii, na mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka yalishuka vibaya. Ongeza mfadhili. Programu ya makazi ya chui milia ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inayopata fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW, hugharamia ulinzi wa wanyama na kipato cha wakazi kwa pamoja.

Hatua ya 3: Gawa mafungu hadharani

Mwongozo wa Nepal wa maeneo ya kinga hutenga asilimia 30 kwa uhifadhi, 30 kwa maendeleo ya jamii, 20 kwa kipato na ujuzi, 10 kwa elimu ya uhifadhi na 10 kwa uendeshaji. Bandika mgawanyo wako mahali kila mtu anapita.

Hatua ya 4: Chagua miradi inayopunguza safari za msituni

Mtambo wa bayogesi hutumia samadi ya nyumbani, na mama hahitaji tena mzigo wa kuni kila mara. Zizi imara lenye paa hulinda mifugo usiku. Kulaza wageni majumbani, kama wanavyofanya katika kijiji cha Dalla kwenye ushoroba (njia ya wanyama) wa Khata karibu na Bardia, huleta fedha taslimu, ila hunufaisha mwenye chumba cha ziada. Mimi hutanguliza mazizi, kwa sababu maskini hana chumba cha kupangisha lakini ana mbuzi.

Hatua ya 5: Tenga kifuta jasho na kifuta machozi

Hapa, kwenye malipo kwa aliyepoteza mifugo (kifuta jasho) au aliyejeruhiwa au kufiwa (kifuta machozi), ndipo miradi mingi huvunjika. Aliyeuliwa ng'ombe leo akisubiri malipo miezi na miezi, hasira yake inaweza kuishia kwenye mzoga uliotiwa sumu, na chui milia akafa pamoja na tai na mbwa. Fundisha vijana wa kijiji kupiga picha za mzoga na alama za nyayo siku hiyohiyo. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa lugha ya wenyeji. Weka fungu dogo mikononi mwa kamati ya kijiji ili ilipe bila kusubiri saini ya mjini, na uandike kwenye mkataba siku ya mwisho ya kulipa.

Hatua ya 6: Pima mambo mawili

Hesabu chui milia, na pia hesabu mifugo iliyouawa na siku ambazo kila mdai alisubiri. Ripoti isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla haijatumwa kwa mfadhili.