Somo: Lantana nyumbani, kuanzia kijiti hadi mkasi

Wadau wa bustani, habari za jioni. Tangu niweke picha ya lantana zangu, vile vichaka vya maua, za hapa Nyegezi, Mwanza, wengi mmeniuliza zinapandwaje. Kupanda ni kazi ya dakika kumi. Kuizuia isikutawale ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo msishangae nikipita haraka mwanzoni halafu nikakaa kwenye mkasi.

Hatua ya 1: Chagua aina. Ile yenye vimiba kwenye shina na kishada cha maua chenye njano, chungwa na nyekundu kwa pamoja ni Lantana camara. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ikaletwa huku kama pambo, ikatoroka bustanini. Magugu maji ya ziwa letu yalianza safari hivyohivyo, watu walipenda ua. Nyingine ni Lantana montevidensis, ya zambarau, inayotambaa. Hii haina fujo nyingi na inapendeza ikimwagika juu ya ukuta wa mawe. Kama una kiwanja cha mlimani chenye majabali, anza na hii. Ukipata kwenye kitalu aina tasa isiyozaa vitunda, bora zaidi.

Hatua ya 2: Kata kipandikizi. Tafuta tawi lisilo na ua, si laini sana wala si gumu kama kuni. Kata urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota), ondoa majani ya chini ubakize mawili matatu ya juu. Chomeka kwenye kiriba (kimfuko cha miche) chenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, udongo usikauke. Baada ya wiki tatu au nne kivute kidogo sana. Kikigoma, kimeshatoa mizizi.

Hatua ya 3: Hamishia ardhini mvua za vuli zikianza, mahali penye jua angalau saa sita kwa siku. Miche iachane kama hatua moja. Udongo wetu wa kichanga wenye mawe unaifaa, ilimradi maji hayatuami. Mwagilia mpaka ishike. Ikishakomaa, kiangazi cha Juni hadi Septemba haikiogopi.

Hatua ya 4: Mkasi. Hapa ndipo nilipokosea mwaka wa kwanza. Niliona inapendeza nikaiacha. Kishada ukikitazama kwa karibu, maua ya katikati ni ya njano, ya pembeni yamegeuka chungwa au pinki. Yakichavushwa hubadilika rangi, na vipepeo wanajua, wanakwenda kwenye njano. Mimi nikakaa nashangaa vipepeo, huku nyuma ya maua vitunda vya kijani vinaiva kuwa vyeusi. Ndege wakala, wakanioteshea miche kila walipotua: chini ya mwembe, chini ya waya wa umeme, hadi kwa jirani. Kwa hiyo kishada kikinyauka tu, kikate kabla hakijafunga vitunda. Mwezi wa tisa, kabla ya vuli, pogoa kwa nguvu hadi sentimita 30 hivi kutoka ardhini. Utaiona kama umeiua. Mvua ikinyesha inachipua upya. Vaa glavu na mikono mirefu, maana vimiba na majani yake huwasha.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Buhongwa: Mkuu, mimi nafuga mbuzi. Nipande uzio wa lantana?

Usipande, ndugu yangu. Majani yake yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama aliyekula huanza kuumia na jua: ngozi ya pua na masikio huvimba na kubanduka, macho huwa ya njano. Ukiona hivyo mtie kivulini na umwite bwana mifugo siku hiyohiyo. Matawi uliyokata nayo usiyatupe wanapopita mifugo.

Mama wa Igoma: Mwalimu, yangu imejaa majani, maua hakuna. Naiwekea samadi kila mwezi.

Samadi ndiyo kosa, mama. Umeishibisha. Acha kabisa msimu huu, na angalia kama hakuna mti unaoizibia jua. Kivuli pia huleta ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe, kwenye majani.

Mdau wa Kirumba: Kuna vidudu vyeupe vinaruka nikigusa majani.

Ni inzi weupe. Nyunyiza maji ya sabuni asubuhi, hasa chini ya majani, na urudie baada ya siku chache.

Dada wa Nyamanoro: Ni kweli inafukuza mbu?

Usiitegemee ikukinge na mbu kwa kuwepo tu bustanini, dada. Chandarua kibaki palepale. Mimi nilichoona ni kwamba kichaka kikiachwa kinene huwa maficho ya wadudu.

Mama wa Igoma: Na mtoto akila vile vitunda?

Mpeleke hospitali, usisubiri dalili, hasa kama ni vya kijani. Ndiyo maana nyumba yenye watoto wadogo nasema aina tasa au usipande.

Mdau wa Buhongwa: Basi kwangu ipo tayari, niliikuta. Nimeikata na panga mara mbili, inarudi.

Panga unaipogolea tu! Subiri mvua ilainishe udongo, chimba kwa jembe utoe kisiki na mizizi mikubwa. Kisha kila mwezi pita ung'oe miche inayoota, ingali midogo inatoka kwa vidole viwili. Na nafasi hiyo panda kitu kingine mapema.