Namna ya Kuandaa Wasifu wa Kumuenzi Mbunge Mkongwe

Anayepewa kazi ya kuandika wasifu wa mbunge mkongwe, awe anastaafu au ameaga dunia, mara nyingi huanza na idadi ya miaka na mlolongo wa vyeo, na kurasa mbili hujaa kabla hajasema mtu huyo alifanya nini hasa. Miaka thelathini bungeni ni muda tu. Wasikilizaji wanataka kujua ulitumikaje, na jibu hupatikana katika jambo moja au mawili ambayo mbunge huyo hakuchoka kuyarudia.

Kwa hiyo anza na kumbukumbu rasmi za majadiliano ya bunge, yaani Hansadi, kabla hujazungumza na mtu yeyote. Huna haja ya kuzisoma zote. Soma hotuba yake ya kwanza, hotuba yake ya mwisho, na michango yake katika mijadala ya bajeti ya miaka mitatu au minne iliyoachana, huku ukiandika pembeni kila jambo linalojirudia. Ukikuta swali aliloliuliza katika mwaka wake wa pili linaulizwa tena, kwa maneno yaleyale au yanayokaribiana nayo, katika mwaka wake wa kumi na tisa, basi umeshapata uzi wa kuushonea wasifu wote.

Mfano mzuri ni John Dingell wa Michigan, aliyeingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1955 kurithi kiti cha baba yake aliyefariki, akaondoka mwaka 2015 akiwa ametumikia Kongresi ya nchi hiyo kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Ukiishia hapo umetaja rekodi. Lakini ukieleza kwamba kila Kongresi mpya, yaani kipindi kipya cha miaka miwili cha bunge hilo, ilipoanza aliwasilisha upya muswada wa bima ya afya kwa wananchi wote, ambao baba yake aliupigania kabla yake, kwamba ndiye aliyeongoza kikao Baraza lilipopitisha Medicare, bima ya afya ya wazee, mwaka 1965, na kwamba kinyundo alichokitumia siku hiyo alimwazima Spika Nancy Pelosi mwaka 2010 ilipopitishwa sheria nyingine kubwa ya afya, msikilizaji anamwona mtu. Kinyundo hicho kimoja cha mbao kinabeba simulizi yote. Nawe tafuta kitu cha namna hiyo: daftari, barua iliyokunjwa mara nyingi, kiti alichozoea kukalia.

Baada ya Hansadi, wafuate watu, na usiwaulize mbunge alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu wote watakujibu kwamba alikuwa mtu wa watu. Muulize katibu wake ilikuwaje mwananchi alipofika ofisini bila miadi. Muulize karani wa kamati ni nani aliyekuwa wa kwanza kufika kikaoni na nani aliyekuwa amesoma nyaraka. Mtafute pia mpinzani wake wa siku nyingi kutoka chama kingine. Sifa mbili kutoka kwake, kwa maoni yangu, zina uzito kuliko ishirini za wenzake wa chama.

Uangalifu mkubwa unahitajika katika vitenzi. Kuwasilisha muswada, kuuunga mkono, kuupigia kura na kusimamia kamati iliyoujadili ni mambo manne tofauti, na ukumbini hakosekani anayejua tofauti hiyo. Badala ya kuandika “alituletea barabara”, andika kwamba aliulizia barabara hiyo katika vikao vitano mpaka fedha zikatengwa, ikiwa ndivyo kumbukumbu zinavyoonyesha. Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini inamtukuza zaidi.

Usifiche kura zake zenye utata. Dingell huyohuyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka, na kwa miaka mingi alipinga masharti makali kuhusu moshi wa magari kwa kuwa wapigakura wake waliishi kwa viwanda vya magari. Aya moja tulivu inayoeleza mvutano huo inatosha. Pasiwe na hukumu wala utetezi. Katika mazishi ifupishe, lakini usiifute, maana waliokuwapo wanakumbuka.

Wasifu ukishakamilika, mpe mtu mmoja wa familia ausome kwa ajili ya tarehe, majina na mpangilio wa watoto, ukimweleza mapema kwamba mambo ya bungeni yamethibitishwa kwenye kumbukumbu. Kisha usome kwa sauti ukiwa umesimama, saa ikiwa mbele yako. Ukizidi muda uliopangiwa, anza kukata vyeo.