Kuchagua maikrokontrola ya kunasia mazungumzo ya kadi ya chipu

Wanaotaka kuunda kifaa cha chanzo huria cha kusikiliza mazungumzo kati ya kadi ya chipu na kisomaji chake huniuliza kwanza inahitajika megahezi ngapi. Nami huwauliza: maikrokontrola (chipu ya kifaa) unayoitazama inaweza kufuata saa isiyo yake?

Kati ya kadi na kisomaji, mwenye saa (mapigo ya umeme yanayopanga mwendo) ni kisomaji. Huituma kupitia mguso wa CLK, kwa kawaida kati ya 1 na 5 MHz, na urefu wa kila biti kwenye I/O, laini ya data, huhesabiwa kwa mapigo hayo. Kadi inapoamka, biti moja ni mapigo 372. Saa ikiwa 3.5712 MHz, hizo ni biti 9,600 kwa sekunde, na hapo ndipo mtego ulipo: unachukua bodi yoyote, unaweka 9600, na ATR, jibu la kwanza la kadi inapoamka, inasomeka vizuri.

Mimi nilinaswa hapo. Nilitumia maikrokontrola ya ATmega328, na ATR ikatoka safi ikianza na 3B. Zikafuata baiti nne, FF 10 95 7A, kadi ikazirudia zilezile, kisha takataka tupu. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha kadi, kumbe jibu lilikuwa ndani ya baiti hizo. Ile 95 ni makubaliano ya kuhamia F=512 na D=16, yaani 512 ikigawanywa kwa 16, mapigo 32 tu kwa biti. Na kisomaji kingine huja na saa yake nyingine, kwa hiyo hakuna kasi ya kudumu utakayoiandika ikafaa kote.

Basi fungua karatasi ya maelezo ya chipu kwenye sura ya USART (sehemu ya kutuma na kupokea biti kwa mfuatano) utafute mambo mawili: hali ya ISO 7816 (kiwango cha kadi za chipu), na uwezo wa kupokea saa kutoka kwenye pini. Usiridhike na la kwanza peke yake. STM32F103 ina hali ya kadi, lakini pini yake ya saa hutoa saa, haipokei. Imetengenezwa iwe kisomaji. Familia ya SAM3S inayo yote mawili, na ndiyo iliyotumika kwenye SIMtrace 2, kifaa cha kunasia mazungumzo ya kadi za SIM cha mradi wa Osmocom. Unaunganisha CLK kwenye SCK (pini ya saa ya USART), unaandika 372 kwenye rejista ya FI_DI_RATIO, na makubaliano yakipita unaandika 32.

Maikrokontrola ya RP2040 haina hali hiyo ya ISO 7816, ila nayo naipenda. PIO yake (saketi ndogo za kuendesha pini zinazopangiwa programu) huhesabu mapigo ya pini ya nje kwa programu fupi, na kwa 133 MHz ina mizunguko 26 kwa kila pigo la saa ya 5 MHz. Ukiwa tayari kuandika kazi ya pariti (biti ya kukagua makosa) mwenyewe, ichukue.

Kasi ya kichakataji isikusumbue. Hata kwenye biti 111,600 kwa sekunde, herufi (baiti) moja ya T=0, itifaki ya kutuma baiti moja moja, huchukua vipimo 12 vya biti, yaani baiti 9,300 kwa sekunde. USB ya kawaida huzibeba bila kutoka jasho. Kinachohitajika ni intarapti kwenye pini ya RST: kadi ikiwashwa upya, rudi papo hapo kwenye 372, la sivyo utapoteza ATR yote.

Volti ndiyo inayoharibu vifaa. Kadi huendeshwa kwa 5, 3 au 1.8. RP2040 haivumilii 5, na ikiwa kwenye 3.3 haitaitambua 1.8 kwa uhakika. Weka kibadilisha volti kinachofuata VCC (volti ya kuendesha) ya kadi yenyewe, na laini zako zisikilize tu, zisivute I/O.

Kwa kuwa mradi ni wa chanzo huria, chagua chipu ambayo maelezo yake yanapatikana bila kutia saini mkataba wa siri, ambayo programu yake hujengwa kwa GCC (kikusanyaji huria cha programu), na inayopakiwa programu kwa USB bila kifaa cha ziada. Mtu asiyekujua ataijenga peke yake.

Kabla ya kuchora bodi, jaribu kwa bodi ya majaribio, kadi yako na kisomaji chako, nyaya zikiwa fupi. Baiti ya kwanza iwe 3B. Ukiona 03, kadi inatumia mpangilio wa kinyume wa biti, na baiti hiyo ni 3F. Acha makubaliano ya kasi yapite. Zikiendelea kuja 90 00 (ishara ya kadi kwamba amri imefaulu) mwishoni mwa majibu, hapo agiza chipu.