Mguu wa kuku ndani ya New York: makaratasi kwanza, bastola mwisho

Wakuu, hili swali la namna ya kupata bastola kihalali jijini New York halikosi kuulizwa, hasa na walioingia na grinikadi ya bahati nasibu wakaangukia Bronx au Brooklyn. Mtu kaona kwenye TV Mmarekani anaingia dukani, anatoa kitambulisho, nusu saa baadae anatoka na bastola kwenye mfuko kama kanunua raba, basi anajua nchi nzima iko hivyo. Huko Texas na Georgia sawa, ila ndani ya jiji la New York unaomba ruhusa kwanza, unachunguzwa, unasubiri mpaka unasahau kama uliomba, ndio unaruhusiwa kununua. Na wewe ambaye bado sio raia una cha kupoteza kuliko jirani yako, maana yeye akiharibu anafungwa yanaisha, wewe unafungwa halafu unapandishwa ndege. Kwa hiyo fuata mpangilio, usiruke hatua.

Kwanza ujue kwanini ni hivi. Kuna sheria ya mwaka 1911, Sheria ya Sullivan, imebeba jina la Timothy Sullivan, mwanasiasa wa Manhattan wa enzi zile za Tammany Hall, ule mtandao wa chama cha Democrats uliokuwa ukishika siasa za jiji. Toka hapo bastola jimboni New York haikai bila leseni, hata kama imelala kwenye droo chumbani kwako, na kwa mkazi wa jiji mtoaji wa leseni ni polisi wenyewe, NYPD. Zamani ukitaka ya kutembea nayo ilibidi uonyeshe una sababu maalum, mfano unasafirisha vito au pesa nyingi, mtu wa kawaida alikuwa anachomolewa tu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hiyo habari ya sababu maalum, majaji 6 kwa 3, kesi inaitwa Bruen. Watu hawajamaliza kushangilia, jimbo likapitisha sheria mpya iliyoanza kazi 1 Septemba 2022 na masharti mengine kibao. Mlango umefunguliwa, ila wameupanga viti mpaka kizingitini.

Sasa anza na hadhi yako ya uhamiaji, kabla ya hela, kabla ya kitu chochote. Ukiwa raia au una grinikadi unaweza kuomba, na umri uwe miaka 21 kwenda juu. Ukiwa kwenye viza ya mwanafunzi, ya matembezi, ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki na hata kushika silaha au risasi, kuna msamaha mdogo wa wenye leseni ya uwindaji ila usiutegemee bila kukaa na wakili. Hapa vijana wanajimaliza sana: mwanafunzi anaenda na washkaji Pennsylvania wikiendi, wanakodi bastola kwenye uwanja wa shabaha, anapiga picha, anaitupia Instagram, hajui ametoka kujitengenezea ushahidi wa kosa kubwa la jinai kwa mikono yake. Kama kesi yako ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado inaunguruma, muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa chochote. Na hata mwenye grinikadi aelewe kwamba kosa la silaha ukihukumiwa nalo ni sababu tosha ya kufukuzwa nchini, hawaangalii umekaa miaka 20 wala una watoto waliozaliwa hapa.

Bangi nayo. New York wameihalalisha 2021, maduka kila kona, ila kwa serikali ya shirikisho mvutaji bado ni mtumiaji wa dawa haramu na kwenye fomu ya kununua silaha, Fomu 4473, swali lipo limeandikwa wazi kabisa kwamba haijalishi jimbo lako limeruhusu. Kudanganya kwenye ile fomu ni jinai peke yake.

Halafu chagua leseni. Ziko aina kadhaa ila zinazowahusu wengi ni mbili, ya nyumbani na ya kutembea nayo. Ya nyumbani maana yake bastola inakaa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye leseni, unaitoa kwenda kwenye mazoezi ikiwa haina risasi na imefungwa kwenye boksi, risasi kivyake. Ya kutembea nayo ndio ile ya kuficha kiunoni na ndio yenye mlolongo: mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kufyatua risasi kweli, mtihani, wadhamini wanne wa kuthibitisha tabia yako. Ushauri wangu, kama unachotaka ni kulala usingizi nyumbani kwako au una kaduka kako, chukua ya nyumbani au ya biashara, hiyo nyingine nitakwambia mbele kidogo kwanini faida yake ni ndogo kuliko sifa zake.

Makaratasi ndipo watu wanapokatia tamaa. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye tovuti ya kitengo cha leseni, unapakia vitu kimoja kimoja: kitambulisho, uthibitisho wa makazi, grinikadi au cheti cha uraia, historia yako yote ya udereva kutoka DMV (idara ya magari na leseni za udereva), na kila kitu kuhusu kukamatwa. Narudia, KILA kitu. Hata kama kesi ilifutwa, hata kama mahakama ilifunga faili, wao wanaliona, na wanachokukatalia mara nyingi sio lile kosa la 2009 la kugombana baa, ni kwamba hukulisema. Amri za mahakama za kukutaka ukae mbali na mtu nazo wanauliza, na ukiwa umewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wako, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, sheria ya shirikisho imekufungia.

Kwa sisi wa kuja kuna karatasi moja ya ziada ambayo Mmarekani haijui: kama hujafikisha miaka 7 ndani ya nchi wanataka cheti cha tabia njema kutoka kwenu, pamoja na barua mbili za watu wanaokufahamu. Mkenya hiyo ni ile ya DCI ya kupitia eCitizen, Mtanzania ni ya polisi, na zote zinataka alama za vidole, kwa hiyo anza nayo mapema maana ukiwa mbali alama zinachukuliwa kwenye karatasi, karatasi inatumwa, na mtu wa kukufuatilia kule nyumbani ana shughuli zake.

Na kuna hati mbili za kiapo, hizi ndizo zinaleta maneno ndani ya nyumba. Moja inasainiwa na kila mtu mzima unayeishi naye, mbele ya notari (mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia saini), kwamba anajua unaomba silaha na hana pingamizi. Sasa fikiria apatimenti ya vyumba viwili Bronx, uko wewe, shemeji, na kijana wa Mwanza aliyepanga kile chumba kidogo na ambaye makaratasi yake mwenyewe hayajakaa sawa. Unadhani huyo ataenda mbele ya notari kuandika jina lake kwenye faili la polisi? Haendi. Na ana haki yake, usimlazimishe, maombi yako yasimuingize mwenzio kwenye moto. Wengi nawajua waliishia hapohapo, mama watoto kasema kwenye nyumba hii hicho kitu hakiingii, mjadala umefungwa. Hati ya pili ni ya mtu mkazi wa New York anayekubali kuichukua bastola ukifa au ukishindwa kujimudu. Muombe mtu aliyetulia, sio rafiki wa kwenye sherehe.

Hela sasa. Ada ya maombi dola 340, alama za vidole karibu dola 90 nyingine, na hazirudi hata ukikataliwa. Ukiomba ya kutembea nayo weka na mamia ya dola ya mafunzo. Hapo hata sefu hujanunua, bastola yenyewe ya kawaida, mfano Glock 19, ni kama dola 500 hadi 600. Kwa mbeba boksi hizo ni zamu za kutosha, zikiunganishwa na siku za kuomba ruhusa kazini. Leseni ni ya miaka 3 kisha unahuisha.

Muda, sheria inasema wajibu ndani ya miezi 6, wewe jipange kwa zaidi. Na ukikaa kimya muda mrefu utawasikia vishoka, nakufahamisha na mtu ndani, toa kitu kidogo faili litembee. Msiwasikilize! Mwaka 2017 waendesha mashtaka wa shirikisho waliwafungulia kesi maafisa waliokuwa kitengo hichohicho kwa rushwa ya leseni za bunduki, pamoja na hao madalali wa kuharakisha mafaili. Waliopata leseni kwa mlango huo majina yao yalikuwa kwenye mafaili yaleyale.

Utaitwa intavyuu, pale One Police Plaza, makao makuu ya NYPD. Beba nakala halisi za vyote ulivyopakia. Maswali ni ya kawaida tu, unataka silaha ya nini, utaifungia wapi, nani mwingine anaishi hapo, ulikamatwa lini ilikuwaje. Jibu kifupi na jibu lilelile uliloandika. Ukiona Kiingereza chako cha kubabaika kitakuangusha, soma maombi yako mwenyewe usiku wa kuamkia, maana afisa anayo mbele yake anafuatisha kwa kalamu.

Ukipita bado huna bastola, una karatasi ya kukuruhusu kununua, na inakufa baada ya siku 30. Maduka ndani ya jiji ni ya kuhesabu, na bila leseni muuzaji hakupi hata kuishika ukapime mkono. Ukifika anakagua leseni, unajaza 4473, anapeleka jina lako kwa polisi wa jimbo ambao toka Septemba 2023 ndio wanachunguza badala ya FBI moja kwa moja, dola 9 juu yako. Angalia namba ya bastola kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, hapohapo kaunta, maana leseni yako itabeba namba hiyo na ikitofautiana wewe ndio utaulizwa. Magazini isizidi risasi 10. Kisha ndani ya saa 72 unairipoti kwa kitengo ikakaguliwe. Risasi zenyewe nazo ni jina kuchunguzwa kila ununuapo, dola 2.50, na unauziwa za saizi ya bastola iliyo kwenye leseni yako tu.

Kuifikisha nyumbani fikiria kabla ya kulipa. Sheria ya 2022 imeorodhesha sehemu zisizoruhusiwa silaha na treni za chini na mabasi zimo, kwa hiyo tafuta mtu mwenye gari binafsi, isiyo na risasi, ndani ya boksi lenye kufuli, kwenye buti. Na ndio pale niliposema kuhusu leseni ya kutembea nayo: hizo sehemu ni pamoja na shule, hospitali, bustani za umma, baa na mgahawa unaouza pombe, viwanja vya mpira, Times Square. Mtu asiye na gari anayepanda treni namba 2 kila asubuhi, niambie hiyo bastola ataibeba kwenda wapi.

Njia za panya zote zina mwisho mmoja. Binamu wa Pennsylvania hawezi kukununulia, kununua kwa jina lako silaha ya mtu mwingine ni hadi miaka 15 jela kwa sheria ya shirikisho ya 2022, sio ile ya jimbo. Wewe mwenyewe huwezi kununua bastola duka la jimbo lingine ukaondoka nayo, lazima itumwe kwa muuzaji mwenye kibali jimboni kwako. Leseni ya Westchester au Buffalo, kwingine humohumo jimboni, haitoshi ndani ya jiji. Na wale wa Houston mnaokuja harusini na chuma chenu halali cha Texas, mnajua kabisa mmekifunga vizuri, siku ya kurudi mnakitangaza kaunta pale viwanja vya ndege vya JFK au LaGuardia kama TSA, wale wakaguzi wa usalama wa safari, wanavyotaka, polisi wa uwanja wanaitwa na unakamatwa kwenye foleni. Yenye risasi bila leseni, ukiwa nje ya nyumbani kwako, kifungo kinaanzia miaka 3 na nusu, kinaenda mpaka 15.

Ukishakuwa nayo, ikae kwenye sefu, funguo usizitundike na za mlango, hasa kama kuna mtoto chini ya miaka 18. Ukihama apatimenti una siku 10 kuwajulisha. Ukihamia ng'ambo ya mto, New Jersey, leseni ya New York haivuki na wewe, kule wana vibali vyao na foleni yao, piga simu kwanza kabla ya lori la kuhama halijafika.